Mtetemo Haufi

Rimu husuguliwa kila Jumapili asubuhi, spika hufungwa mpya, viti huvishwa vitambaa, lakini sijawahi kumsikia mtu akijisifia mauntingi za injini. Kifaa chenyewe hakina sura. Ni pande la chuma lililojazwa mpira mweusi, katikati limepitishwa bushi na boliti moja nene, nalo hukaa chini ya boneti limegubikwa na vumbi na oili. Mwenye gari hulisikia jina lake siku fundi anapojifuta mikono na kusema, "Bosi, mauntingi ya nyuma imekufa." Mimi nataka kumsifu mtu anayelichomoa pande hilo mwenyewe, akalikaza kwa mikono yake uani kwake, kisha akalirudisha mahali pake. Ni ufundi mdogo, na ukikamilika hakuna mpita njia atakayeuona. Lakini ni kazi chache za gereji zinazomlazimisha mtu ajiulize kwa dhati anataka nini kwenye gari lake, na yuko tayari kuvumilia nini ili akipate.

Mauntingi ina kazi tatu. Ya kwanza ni kubeba: injini ndogo ya lita 1.5 pamoja na giaboksi yake hupita kilo 100, na uzito wote huo umekalia vipande vitatu au vinne vya mpira. Ya pili ni kuuzuia mtetemo wa injini usipite kwenda kwenye bodi. Injini ya silinda nne huchoma mafuta mara mbili katika kila mzunguko wa krenki. Ikiwa sailensa, mizunguko 750 kwa dakika, hiyo ni misukumo 25 katika kila sekunde moja, na kila msukumo unatafuta njia ya kufika kwenye usukani, kwenye kioo cha pembeni na kwenye meno ya dereva. Kwa kazi hii mpira unatakiwa uwe laini.

Kazi ya tatu ni kuishika injini isijipindue. Kwenye magari ambayo injini imelala kikingamo na kuvuta kwa magurudumu ya mbele, kama Vitz, IST na ndugu zao waliojaa barabara zetu, nguvu yote inayozungusha magurudumu hurudi kinyume na kuisukuma injini. Tuchukue injini yenye msokoto wa nyutoni-mita 140. Gia ya kwanza na difu zikiuzidisha mara 13 hivi, magurudumu hupata kama nyutoni-mita 1,800, na mauntingi nazo hupokea kiasi hichohicho kwa upande wa pili. Funga kilo 180 kwenye ncha ya nondo ya mita moja, kisha mwambie mtu aishike ncha nyingine isizunguke: ndivyo mauntingi inavyoombwa kufanya kila taa zinapogeuka kijani na dereva akawa na haraka. Kwa kazi hii mpira unatakiwa uwe mgumu.

Kifaa kimoja, basi, kinatakiwa kiwe laini na kiwe kigumu. Hakuna aliyewahi kuumaliza ubishi huo. Kila kizazi cha watengenezaji kimeusogeza tu upande mmoja au mwingine.

Magari ya zamani hayakuhangaika nao. Injini zilikazwa kwenye chesisi chuma kwa chuma, zikawa imara, na abiria wakatetemeka. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1931, kampuni ya Chrysler ya Marekani ilipotoa gari la Plymouth ambalo injini yake ya silinda nne ilitundikwa kwenye mpira sehemu mbili: moja juu kwa mbele, nyingine chini kwa nyuma. Ukichora mstari kati ya sehemu hizo mbili, unapita karibu na kitovu cha uzito wa injini. Injini ikaachwa ibembee kwenye mstari huo kama ilivyopenda, na mtetemo mwingi ukaishia hapohapo. Mwaka uliofuata Citroën wa Ufaransa walinunua haki ya kutumia mbinu hiyo, wakaitangaza kwa nembo ya bata maji anayeelea, wakaibandika mbele ya magari yao. Si mara nyingi mauntingi ya injini hupata kuchorewa nembo.

Mpira wenyewe ulikuwa umeshapita safari ndefu kabla ya kufika hapo. Utomvu mbichi hulainika ovyo kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi, hadi Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba ukichanganywa na salfa na kupikwa unatulia, unanyumbuka na kurudi katika umbo lake. Dunia ikaanza kuutafuta mpira kila mahali, na huku kwetu Wajerumani wakapanda mashamba ya mpira wa Ceara katika nchi ya Tanga na kwingineko. Mwaka 1913 bei ilianguka, mpira wa mashamba ya Asia ulipofurika sokoni, na mashamba yale yakafa. Mti wenyewe haukufa. Uko uani kwa watu mpaka leo, na majani yake ndiyo kile kisamvu cha mpira kinachotwangwa na kupikwa kwa nazi. Mti ulioletwa kwa ajili ya viwanda vya Ulaya umeishia chunguni, kwa sababu waliobaki nao waliamua wenyewe wautumie kwa kazi gani. Anayekaza mauntingi nyumbani anatumia haki hiyohiyo.

Chukua mauntingi ya kiwandani iliyokufa, ibane kwenye jiriwa, ipasue kwa msumeno. Mtu anayeiona kwa mara ya kwanza hushangazwa na nafasi tupu. Bushi ya katikati haikuzungukwa na mpira pande zote. Imeshikwa na mikono miwili au mitatu ya mpira, na juu yake na chini yake kuna matundu yaliyopinda mfano wa mwezi mchanga. Matundu hayo yalipimwa. Injini ikiwa sailensa, bushi inaning'inia kwenye mikono ile myembamba na kucheza kidogo ndani ya uwazi, na mtetemo hauna pa kupita. Ukikanyaga mafuta, bushi inasogea, tundu linazibika, bushi inaegemea ukuta mnene wa mpira, na hapo mauntingi inageuka kuwa ngumu. Laini kwanza, ngumu baadaye, ndani ya kipande kimoja. Aliyechora matundu yale alikuwa fundi hasa, na yeyote anayetaka kuyaziba anapaswa kwanza kumvulia kofia.

Hata hivyo wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mhandisi wa kiwandani naye aliivutia ngozi kwa tajiri yake. Mnunuzi wa gari jipya huuhisi mtetemo dakika ya kwanza tu anapowasha injini. Uchelewaji mdogo kati ya kukanyaga mafuta na gari kuitika anakuja kuugundua baadaye, kama ataugundua. Kwa hiyo gari la kawaida la familia hutoka kiwandani limevutwa upande wa ukimya. Si kosa. Ni uamuzi uliofanywa kwa niaba ya mtu ambaye mhandisi hakuwahi kumwona, na mtu huyo si lazima awe wewe.

Tena gari linapotufikia sisi, uamuzi wenyewe umeshachakaa. Hata Kenya, ambako gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia, mpira unaoshuka bandarini Mombasa umeshapikwa na joto la injini kwa miaka. Magari yanayoshuka Dar es Salaam mara nyingi ni makongwe zaidi. Joto huukausha mpira, hewa huupasua juujuu, na oili inayovuja kwenye kifuniko cha vali huudondokea na kuuvimbisha hadi ukawa kama ufizi mgonjwa. Kisha yanakuja matuta. Dalili tunazijua: ukiingiza D kuna kishindo, ukiingiza R kuna kingine kikubwa zaidi, eksoza inagonga chini, na ukifungua boneti mwenzio akikanyaga mafuta unaiona injini inavyoinuka upande mmoja kama inataka kutoka. Dukani kuna mauntingi halisi ya bei ya kutisha, na kuna ya bandia ambayo muuzaji mwenyewe hakuangalii usoni anapokukabidhi.

Hapo ndipo mafundi wa gereji bubu wamekuwa wakifanya kazi ambayo hakuna kitabu kilichowafundisha. Fundi hulenga tairi kuukuu la lori, lile la nyuzi za nailoni, na hulikwepa lenye waya za chuma, kwa kuwa waya huchomoza baadaye na kuisaga bushi. Kisu chake ni kile cha wakata katambuga, chembamba kwa kunolewa. Kabla ya kukata hukichovya kwenye maji, kwa sababu mpira mkavu hukibana kisu na mpira uliolowa hukiachia. Anakata kidogo, anauvuta mdomo wa mkato utanuke, anachovya tena, anakata. Kipande kinatoka na tabaka zake zote zinaonekana ubavuni: mpira, nyuzi, mpira, nyuzi. Anakichonga kwa jicho, anakijaribisha ndani ya pete ya chuma, anakitoa, anakipunguza ukucha mmoja. Lazima kiwe kikubwa kidogo kuliko nafasi yake, maana mpira unaokaa bila kubanwa hauna kazi. Mwishoni hukiingiza kwa maji ya sabuni na nyundo, au hukisukuma kwenye jiriwa taratibu mpaka kinalia na kukaa. Bushi ya chuma, kama iliyokuwepo imeliwa, hutoka kwa fundi wa kukereza.

Mauntingi ya tairi ni ngumu kuliko ya kiwandani, na nyuzi zake haziruhusu inyumbuke sana. Mteja huambiwa hivyo wazi: "Itatetemeka kidogo kaka, ila hii huioni tena hapa." Kwa mtu wa teksi au wa kubeba mizigo, hayo ni mapatano mazuri. Ni mpira wa tairi lililomaliza kazi yake barabarani, na sasa unaanza kazi ya pili chini ya boneti.

Anayeifanya kazi hii nyumbani kwa kupenda, na katika nchi nyingi wako watu wa namna hiyo, hutumia njia nyingine: humimina. Malighafi yake ni poliurethani, jamii ya plastiki aliyoivumbua Mjerumani Otto Bayer na wenzake mwaka 1937 huko Leverkusen. Inaweza kutengenezwa ikawa sponji ya godoro, ikawa soli ya kiatu, ikawa gurudumu la toroli, kutegemea imechanganywaje. Ugumu wa mpira na wa poliurethani hupimwa kwa kipimo cha Shore A, kilichopewa jina la Mmarekani Albert Shore: sindano fupi hukandamizwa juu ya kipande, na kadiri inavyoshindwa kuzama ndivyo namba inavyopanda kuelekea 100. Mpira wa mauntingi za kawaida huwa kati ya 40 na 60. Mpira wa juu wa tairi ni 60 na kitu hadi 70. Poliurethani ya kumimina inauzwa ya 60, ya 80, hata ya 90 na zaidi, na namba iliyoandikwa kwenye kopo ndiyo uamuzi wa kwanza wa mwambaji wetu.

Kazi yenyewe ni nusu siku ya kuandaa na dakika chache za kumimina. Jeki huwekwa chini ya injini na kipande cha ubao mpana juu yake, kwa kuwa sampu ni bati tu na chuma cha jeki kikiigusa chenyewe kitaibonyeza. Boliti za mauntingi hazifunguliwi hadi uzito umehamia kwenye jeki, na utajua umehama pale boliti ya katikati inapotoka kwa vidole. Pande likishatoka, huoshwa mpaka harufu ya oili iishe. Poliurethani haishiki kwenye uchafu. Itakauka vizuri, itang'aa, na baada ya wiki itabanduka kipande kizima. Chuma husuguliwa kwa msasa kipate mikwaruzo ya kushikia. Mpira wa zamani kama ni mzima huachwa na kujazwa matundu yake tu. Kama umechanika hukatwa wote. Wapo wanaouchoma moto ili utoke upesi, na moshi wake ni sumu kwao na kwa jirani aliyeanika nguo. Kisu ni cha polepole lakini ni cha ustaarabu.

Halafu bushi lazima ikae katikati. Injini itaikandamiza ikirudi, kwa hiyo mafundi makini huinua bushi milimita moja au mbili juu ya katikati, ili uzito ukija ishuke mahali pake. Upande wa chini huzibwa kwa solotepu pana na kadibodi iliyopakwa vaselini. Poliurethani hii huja katika makopo mawili ya kuchanganywa, nayo hupimwa kwa mizani ya jikoni kwa uwiano ulioandikwa na mtengenezaji, bila kukisia, kwa sababu ziada ya kopo moja haipati mwenzake wa kuungana naye na itabaki inanata maisha yake yote.

Sasa koroga taratibu. Mkono wenye pupa huingiza hewa, na kila povu litakalonaswa ni tundu ambalo hakuna aliyelichora. Hapa mtu wa pwani ana adui ambaye mwenzake wa Dodoma hamjui sana: unyevu. Kopo moja kati ya yale mawili lina kemikali za isosianeti, na isosianeti ikikutana na maji hutoa hewa ya ukaa. Jioni ya masika Dar es Salaam, kopo lililoachwa wazi wakati mtu anapokea simu linatosha kuiharibu kazi; mchanganyiko utaumuka kama unga wa maandazi, na mauntingi itatoka sponji. Kemikali hizohizo zinaweza kumletea mtu pumu asiyokuwa nayo, kwa hiyo kazi hufanyika nje penye upepo, glovu mkononi, watoto mbali.

Mchanganyiko humiminwa kutoka juu kidogo, kwa uzi mwembamba, kwenye pembe moja tu. Uzi ule hupasua mapovu unaposhuka, na kioevu hutambaa chenyewe kutoka pembe ile, kikapanda pole pole kwenye matundu na kuifukuza hewa mbele yake. Ukiwa na subira utaona povu moja moja likipanda, likisita chini ya mkono wa mpira, likiponyoka pembeni, likipasuka juu. Sindano huyasaidia yale mavivu. Kisha hakuna la kufanya. Kikombe ulichokorogea kinapata joto mkononi, kioevu kinaanza kuwa kizito kama asali ya baridi, na chochote ulichosahau kukirekebisha umeshachelewa. Kesho yake kadibodi itabanduka. Ugumu kamili huja baada ya wiki hivi, na anayefunga gari siku ya pili anaweka uzito juu ya kitu ambacho bado hakijakomaa.

Wasio na makopo hupita kwa fundi vioo na kununua gundi nyeusi ya kubandikia kioo cha mbele. Nayo ni poliurethani, ila tabia yake ni kinyume: yenyewe hukauka kwa kula unyevu wa hewa, kutoka nje kwenda ndani. Adui wa makopo mawili ndiye mlezi wa gundi hii. Ukiijaza kwenye tundu nene mara moja, juu itakauka na tumboni itabaki uji kwa siku nyingi, kwa hiyo hupakwa kwa tabaka nyembamba na kusubiriwa. Mtu aliyekwisha kuzitumia zote mbili huanza kuangalia mawingu kabla ya kufungua chombo chochote.

Gari likirudishwa na kuwashwa, matokeo huja mara mbili. La kwanza ni furaha. Gia inaingia bila kishindo, gari linaitika palepale mguu unapogusa, injini haiinuki tena. La pili linakungoja kwenye foleni ya Mwenge: umekanyaga breki, D iko ndani, injini imeshuka chini, na kioo cha kati kinatetemeka mpaka daladala iliyo nyuma yako inaonekana mbili.

Sababu yake inapigika hesabu. Injini juu ya mipira yake ina mdundo wake wa asili, ule ambao ingeucheza ungeisukuma mara moja na kuiacha. Mpira huweza kuuzuia mtetemo pale tu mtetemo unapokuwa wa kasi zaidi ya mara 1.4 ya mdundo huo. Tuseme mdundo ni 10 kwa sekunde: misukumo yetu 25 ya sailensa iko mbali juu ya 14, na bodi imetulia. Sasa kaza mauntingi ziwe ngumu mara nne. Ugumu ukizidi mara nne, mdundo huzidi mara mbili, unakuwa 20, na mpaka wa utulivu unapanda hadi 28. Misukumo 25 imeangukia ndani ya mpaka, na mipira iliyokuwa ikipunguza mtetemo sasa inauongeza. Ndiyo maana gari lililokazwa hutetemeka likisimama na kutulia likikimbia. Ukiipandisha sailensa hadi mizunguko 900, misukumo inafika 30 kwa sekunde, mpaka unavukwa tena, na kioo kinaanza kutulia.

Mtetemo haufi, unahama. Kabla ya kazi yako ulikuwa ukifia kwenye mpira, na mpira ukalipa kwa kuchanika. Sasa umeukataza kukaa pale, nao unatafuta makao mengine: dashibodi, boliti za betri, maungio ya eksoza, viganja vyako. Waliokwenda hadi mwisho, wakafunga mauntingi za chuma tupu kwenye magari ya mashindano, wanajua kuwa mtetemo ukikosa pengine pa kwenda unaweza kuyapasua masikio ya injini yenyewe, mahali boliti zinapoingia. Kwa hiyo anayekaza hafuti chochote. Anagawa. Anasema: kiasi hiki nitakibeba mimi, kiasi hiki kibaki kwenye mpira.

Kugawa vizuri ndiko kunakomtenga fundi na mtu mwenye kopo. Asiyejua hujaza mauntingi zote, matundu yote, kwa namba kubwa kuliko zote. Anayejua huanza na ile moja inayozuia injini kujipindua, kwa kawaida ya chini au ya nyuma kwenye krosimemba, maana haibebi uzito mkubwa na kazi yake hasa ni kuushika msokoto. Zile za pembeni zinazobeba injini huziacha laini kama zilivyo. Katika ile moja anaweza kujaza tundu linalozibika gari likienda mbele na kuliacha wazi la upande wa pili. Huchagua 60 kabla ya 80, akijua kwamba kukaza zaidi ni kazi ya Jumamosi nyingine, ila kulegeza ni kukata kila kitu na kuanza upya. Na akikuta mauntingi ya maji, ile yenye kioevu ndani kinachopita kwenye njia nyembamba ili kupunguza mtikisiko, hajidanganyi kwamba kuijaza ni kuiboresha. Hicho ni kifaa kingine kabisa. Ukikimwaga kile kioevu umeua kazi ya watu, na ni heri ununue mpya.

Uzuri wa kazi hii, kwangu, uko kwenye ukweli kwamba mtengenezaji ndiye atakayeikalia. Fundi wa gereji akikukazia mauntingi hupokea fedha na wewe ukaondoka na mtetemo wako. Mhandisi wa Japani hatajua kamwe mauntingi yake iliishia kwenye matuta ya Kimara. Lakini aliyemimina mwenyewe akikosea uwiano, ni mgongo wake. Akiacha povu, ni sikio lake litakalolisikia likipasuka. Na akipatia, akajikuta kwenye mteremko wa Kitonga, gia ya pili, gari likiushika mwendo wake bila kuyumba wala kuchelewa, hana wa kumshukuru na hana haja ya kueleza. Elimu aliyoipata ni ya aina ambayo haisomeki kwenye namba ya kopo. Anajua sasa kwamba ulaini ulikuwa kazi ya mtu, kwamba nafasi tupu ilikuwa na sababu, na kwamba kila uimara anaoufurahia kuna mahali unalipiwa.

Mimi ningeongeza sharti moja tu kwenye ufundi huu, nalo linafuata methali yetu ya ngoma. Ukishaivutia ngozi kwako, ngoma ile imekuwa yako kwa namna ambayo haitamfaa kila mtu. Siku utakapoliuza gari, usipandishe sailensa kidogo ili mnunuzi asihisi, kisha ukapokea fedha na kutoweka. Mfungulie boneti, mwonyeshe ni mauntingi ipi uliyoikaza, kwa namba gani, na kwa nini. Akipenda, umempata mwenzio. Asipopenda, mpe na ile ya kiwandani uliyoihifadhi kwenye boksi, au punguza bei. Yeye hakuomba kubeba mtetemo wako, na haki uliyoitumia wewe ya kuamua, naye anayo.